Pilipili kwenye Komeo la Choo

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa na miezi kumi na sita, meno sita, na tumbo lisilojua kutunza siri. Tangu mvua zianze, tumbo hilo lilikuwa limeharibika mara tatu. Mara ya kwanza tulisema ni meno. Mara ya pili tukasema ni meno mengine. Mara ya tatu hatukusema kitu, kwa sababu macho yake yalikuwa yameingia ndani, na alipolia machozi hayakutoka.

Mtoto kulia bila machozi, mi nilidhani ni maigizo. Nikamwambia, "Wee, unajua kudanganya kuliko mi." Mama hakucheka. Alimfunga mgongoni, akasimamisha pikipiki, mi nikapanda nyuma yao na mfuko wa nepi. Tulienda hivyo, tumebanana na dereva kama mikate ndani ya boksi, hadi kituo cha afya cha mtaa wetu hapa Dilala.

Muuguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamuru gwaride. Alimbana mtoto ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ilibaki imesimama, kama shuka ambalo mtu amelilalia, kisha ikarudi polepole. Hakutuambia maana yake. Alichana pakiti ya unga wa chumvi na sukari, akaumimina kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa, akampa Mama kijiko.

"Kijiko moya. Ngoja kidogo. Kijiko ingine. Akitapika, ngoja dakika kumi, anza tena pole pole. Na titi usimukatalie."

Tulikaa pale tangu saa tatu ya asubuhi hadi saa saba, kijiko kwa kijiko. Mtoto akatapika, tukangoja, tukaanza tena. Halafu nepi ikalowa. Ilikuwa mkojo, mkojo tu, lakini Mama alipiga kelele kama mtu aliyefunga bao, na muuguzi akaja kuushika ule unyevu kwa mkono kuhakikisha. Alitupa vidonge vya zinki vya siku kumi. Kisha akamgeukia Mama, na sauti ya gwaride ikashuka.

"Mama, hii ni mara ya tatu. Akikauka tena hivi, hapa mi siko na namna. Itakuwa hospitali kubwa, itakuwa serumu mu mushipa. Na mutoto wa namna hii, mushipa wake banatafuta, banatafuta, siku ingine bana…" Hakumalizia. "Hii ugonjwa haikuje na upepo. Iko mukono mu nyumba yenu yenye inaileta mu kinywa ya huyu mutoto. Muitafute."

Muuguzi alikuwa anazungumza na Mama, lakini mi ndiye niliyepokea kazi. Nasoma mwaka wa tano wa sekondari, biochimie, yaani biolojia na kemia. Darubini ya shule yetu imechorwa ubaoni kwa chaki, na microbe, vile vijidudu vya magonjwa, ninaowajua ni wale wa kunakili daftarini, lakini nyumbani hakuna anayejua hilo. Nyumbani mi ni karibu daktari. Kabla hatujashuka kwenye pikipiki nilikuwa nimeshaamua kwamba mkono huo nitaukamata kabla mtoto hajaugua mara ya nne.

Swali lilikuwa mkono wa nani.

Wetu haikuwezekana. Nkambo, mama yake Baba, alilifunga jambo hilo jioni ile ile. "Sisi ni batu ba kujiosha," alisema. Nkambo alikuja Kolwezi kutoka Maniema akiwa bibi harusi, na huko Maniema, ukimsikiliza, hata mbuzi wanatawadha. "Mara tano kwa siku nagusa mayi. Ugonjwa itanipatia wapi? Saa gani?" Birika lake la udhu lilikuwa haliguswi na mtu. Siku moja nilimwagilia nalo maua, nikasikia habari yake wiki nzima.

Basi tukatazama nje. Na nje, hatua kumi na mbili kutoka mlangoni kwetu, kulikuwa na chumba cha uani, na ndani ya chumba hicho mpangaji.

Mpangaji wetu alikuwa kijana wa Kasai, mchimbaji, anayeshuka mashimo ya upande wa Musonoi alfajiri na kurudi mchana au jioni akiwa na rangi moja tangu nywele hadi ndala: rangi ya udongo. Haswali na sisi, hali na sisi, na mbaya kuliko yote, anampenda mtoto. Akirudi, mtoto anatambaa kumfuata mbio kama anamdai deni. Yeye anaingiza mkono mfukoni, anatoa biskuti.

Biskuti! Kutoka mfuko ulioshinda shimoni! Mi niliona kesi imekwisha.

Nilimngoja mlangoni kesho yake. "Tata, onyesha mikono."

"Kwani wee ni polisi ya madini?"

"Mi ni biochimie."

Alinyoosha mikono yote miwili, akaigeuza juu chini. "Angalia, docteur. Kumi. Bado byote biko. Unataka nikuonyeshe na ulimi?"

Nilimnyang'anya biskuti nikaiweka juu ya kabati ili niichunguze. Niichunguze na nini, sijui. Nilipoirudia, mdogo wangu wa miaka mitano alikuwa amesimama juu ya kiti, mdomo umejaa. Ushahidi ulikuwa umeliwa. Nilimshika taya, nikamwambia ateme, akameza huku ananitazama usoni. Yule naye ni mtu wa kushukiwa siku zote, lakini yeye ndiye aliyekuwa akiumwa wa kwanza kila mara, kabla ya mtoto, kwa hiyo nilimweka upande wa waliokosewa.

Tulimshuku pia muuza maji. Bomba la mtaa wetu linakohoa hewa siku nne kati ya saba, na siku hizo tunanunua maji ya bidoni, yale madumu yanayokuja kwa baiskeli. Nilimuuliza bidoni zake anaziosha lini. Akaniuliza mi naosha domo langu lini. Mama akaanza kuchemsha maji yote ya kunywa, hata yale ya bomba, na Nkambo akalalamika kwamba chai haina tena ladha. Jirani alituletea vidonge vya antibiotiki vilivyobaki kwa mtoto wake. Mama alivipokea kwa heshima, akavitupa, kwa sababu muuguzi alikuwa amesema wazi: hapana, ila kama mutaona damu mu mafi, na siku hiyo mukuje mbio. Tulikuwa hatumwamini mtu. Mtoto akipiga chafya, tulitazamana.

Lakini mi moyo wangu ulikuwa umeshikwa na mpangaji. Mama vilevile. Alimkataza kumgusa mtoto. Alimwambia kwa adabu, kama anavyoongea na wateja wake wa vitenge sokoni, lakini nilimwona yule kijana akitazama chini, kisha akaingia chumbani kwake na mtoto akabaki mlangoni anagonga kwa viganja. Nilimhurumia kidogo. Halafu nikajiambia: wenye hatia wote wanatazama chini hivyo.

Nilitaka uthibitisho. Na uthibitisho nikaupata kwenye kinu.

Microbe haonekani, sivyo? Pilipili nayo, ukiisaga ikalainika, ukaichanganya na mafuta, ukaipaka nyembamba kwenye chuma, haionekani. Choo chetu kiko uani, kimoja kwa watu wote wa parseli, sisi na mpangaji, na kina komeo la chuma kwa ndani. Mtu akimaliza, lazima alishike ili atoke. Nje ya mlango kuna bidoni ya maji na sabuni, Mama aliiweka tangu tulipotoka kwa muuguzi. Hesabu yangu ilikuwa hii: anayenawa kwa sabuni, pilipili itamtoka. Asiyenawa atajifuta jicho mapema au baadaye, na mi nitakuwa nimekaa pale nachambua sombe, majani ya muhogo, nampigia makofi.

Jumamosi saa nne nilipaka komeo. Nilitumia mfuko wa plastiki mkononi. Mi si mjinga.

Saa tano na nusu mpangaji alirudi, siku hiyo shimo lao lilikuwa na maji. Akaingia chooni. Nikaacha sombe. Alitoka, akainama kwenye bidoni, akatoa mfukoni kipande chake mwenyewe cha sabuni ya bluu kilichofungwa kwenye sacheti ya plastiki, akanawa. Hakunawa vidole tu. Alisugua kati ya vidole, akasugua kucha, akapanda hadi viwiko, akasuuza, akasugua tena.

"Tata, unaenda kupasua mutu?" nilimwuliza. Sauti yangu ilitoka na hasira.

"Ile vumbi ya madini inawasha, docteur. Ukiiacha mu mikono, utajikuna mupaka asubui."

Nikaudhika kabisa. Kisha nikashuku kwamba amejua. Labda aliniona na kinu. Nilikuwa bado nawaza hivyo wakati lori la Baba lilipopiga honi barabarani.

Baba anabeba unga wa mahindi kutoka Lubumbashi, na Jumamosi anayorudi tunakula wote pamoja mchana, mkekani. Alishuka, akamwinua mtoto juu, akamrudisha kwa Nkambo, akasema barabara ilikuwa ndefu. Akaenda chooni moja kwa moja.

Hapa niseme ukweli. Nilimwona anaenda. Ningeweza kumwita. Lakini ningemwambia nini? Baba ngoja, nimetega choo? Nikajiambia kwamba Baba ni mtu wa kujiosha, atatumia sabuni, haitakuwa na shida. Na nyuma ya hayo, nikikubali kusema yote, nilitaka kuona.

Baba alitoka anakung'uta maji mikononi. Ndani ya choo kuna kopo la maji, na alikuwa amejiosha vizuri mle ndani, kama alivyofundishwa na Nkambo. Baada ya kujiosha akashika komeo akatoka. Bidoni na sabuni alivipita bila kuvitazama. Mtu msafi anawe nini tena?

Tukakaa mkekani. Bukari, ugali wetu, ilikuwa inatoa moshi, samaki tomsoni wa kukaanga, sombe yangu niliyoichambua kwa jicho moja. Na kama kila siku, likaja beseni la kijani.

Beseni kwetu lina safari yake. Linaanza kwa Baba, linaenda kwa Nkambo, linaenda kwa Mama, kisha mi, kisha mdogo wangu, na mwisho mtoto. Wakubwa kwanza. Maji ni yale yale, kwa sababu maji ya bidoni hayamwagwi ovyo, na kwa sababu hivyo ndivyo heshima inavyokwenda: mkubwa ananawa kwenye maji mapya, mdogo anapokea. Ningekuwa nimekaa kwenye mtihani nikaulizwa, ningeieleza safari hiyo yote bila kuona kilichomo. Baba alipozamisha mikono yake nilipumua. Nikajisemea, sawa, amenawa, imekwisha.

Nilinawa mi. Akanawa mdogo wangu, yaani alipiga maji makofi mawili. Nkambo akamkalisha mtoto mapajani, akamsogezea beseni. Mtoto anayapenda sana maji. Aliingiza mikono yote miwili hadi kwenye viwiko, akayapiga, akacheka, kisha akatoa ngumi iliyojaa maji na kuinyonya.

Baba ndiye aliyeanza. Alijikuna kwenye kope. "Hm," alisema. Akajikuna tena. Mdogo wangu akalamba mdomo, akasema samaki anauma. Hatukuwa tumegusa samaki.

Halafu mtoto akafungua kinywa, na kwa muda hakikutoka kitu. Sura yote ikawa nyekundu. Kisha sauti ikaja. Nimesikia milipuko ya migodi tangu nizaliwe, madirisha yetu yanatetemeka mchana tukiwa shuleni na hatugeuzi hata kichwa. Sauti ile ilinigeuza kichwa. Alijisugua macho kwa zile ngumi, na kadiri alivyojisugua ndivyo alivyopiga kelele.

"Nini? Nini imemuuma?" Mama alishamnyakua. Baba alikuwa ameinama na kiganja jichoni, anamwita Mungu. Nkambo alinusa vidole vyake. Akanusa tena.

"Pilipili," alisema.

Mi nilikuwa nimeshasimama, nimeshakimbia, nimesharudi na maziwa na kitambaa. Tulimfuta mdomo kwa maziwa, tukamsafisha mikono kwa mafuta halafu sabuni, tukamsuuza macho kwa maji tuliyochemsha. Mi sikuwa na utani hata mmoja. Huyu ndiye tuliyekuwa tunamlinda. Nilikuwa nimemfikishia moto mdomoni kwa mkono wangu. Alipotulia, ana kwikwi kifuani kwa Mama, nilisema.

Nilisema yote. Kinu, mafuta, komeo, mpangaji. Ndala ya Mama ilikuwa imeshatoka mguuni na iko hewani. Niliitazama. Ikabaki hewani.

"Ngoja," Mama alisema. "Hiyo pilipili uliipakala wapi?"

"Kwa komeo, Mama. Komeo ya choo."

"Apa kwa chakula haukuitia?"

"Apana, Mama. Kwa komeo tu. Nasema kweli ya Mungu."

"Na imefika mu kinywa ya mutoto."

Mama alishusha ndala polepole. Baba alifungua jicho lake zima, akamtazama Mama, akamtazama mtoto, na wote wawili, kisha sisi wote, tukaligeukia beseni. Lilikuwa limekaa katikati ya mkeka kimya, na juu ya maji kulikuwa na duara ndogo ndogo za mafuta, zinang'aa.

"Mi nilijiosha," Baba alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia ndogo vile. "Mule ndani. Nilijiosha muzuri."

"Ulijiosha, halafu ukashika komeo," Mama alisema. "Kama huyu wa miaka tano. Kama mi. Kama sisi bote. Halafu tunakuja kumupatia mutoto kwa beseni."

Mdogo wangu ndiye kila mara aliyeumwa kwanza. Kila mara alishika komeo, kila mara akapiga maji makofi mawili, na kila mara beseni likasogezwa kwa mtoto. Mkono wetu huo hapo, na ulikuwa na vidole hamsini na zaidi.

Nkambo hakukubali. "Tangu nizaliwe tunanawa hivi. Baba yenu alinawa hivi, eko muzima."

"Eko na jicho moya," mdogo wangu alisema, na Baba, maskini, alicheka.

Kwa mpangaji nilitumwa mi kuomba msamaha, na mi ndiye niliyestahili kutumwa. Alinisikiliza akiwa ameegemea mlango. Nilipofika kwenye komeo alitazama mikono yake. "Na mi niliishika?"

"Ndiyo, tata."

"Kumbe njo maana ulinitazama vile! Wee mutoto uko na roho ya shimo." Lakini alicheka hadi akakaa chini. Halafu akaniuliza tunanawaje kwa chakula, nikamweleza beseni, akaacha kucheka. "Kwa shimo tuko batu kumi na tano. Tulikuwa na beseni vilevile. Bote tulikuwa tunahara zamu kwa zamu, kama banatuandika. Mama mwenye kutupikia akaivunja kwa mguu."

Alichukua bidoni ya lita tano, akaitoboa kitako kwa msumari uliochomwa kwenye makaa, akaitundika kichwa chini kwenye nguzo ya baraza letu. Ukilegeza kifuniko kidogo, maji yanatoka mstari mwembamba, yanapita mkononi, yanaondoka. Maji ya mtu hayarudi kwa mtu. Akafunga na kipande cha sabuni kwa kamba kando yake. Nkambo alilizunguka lile jambo kama mtu anayepima ng'ombe wa kuuzwa. Alisema bukari itanuka sabuni. Alisema litaanguka. Mwishoni akanawa wa kwanza, kwa sababu yeye ni mkubwa.

Ingekuwa hadithi ya redio ingeishia pale. Lakini Jumanne mdogo wangu alirudi kutoka shule ya chekechea akiwa amebeba begi lake mbali na mwili, kwa vidole viwili.

"Yaya," aliniambia, kama anavyoniita mi mkubwa wake, "nimetapika ndani."

Mama alishika ukuta. Mtoto alikuwa pale pale miguuni kwetu anamtambalia kaka yake, anacheka. Zinki yake ilikuwa haijafika hata mwisho. Sikuhitaji mtu anikumbushe sauti ya muuguzi iliposhuka.

Nkambo alimnyakua mtoto, akamfunga mgongoni na kutoka naye nje. Mdogo wangu alipewa mkeka wake pembeni, kikombe chake, kijiko chake. Nilivitia alama ya rangi yangu ya kucha ili visichanganyike. Kwa sababu ya pilipili, kazi ya matapishi na mafi ilikuwa yangu bila majadiliano. Mifuko mikononi, kufuta, kisha javeli ya kuua vijidudu sakafuni, nguo kuloweka mbali na za mtoto, na baada ya hapo sabuni hadi kwenye kiwiko kama yule wa Kasai. Mgonjwa alifurahia sana. Alilala pale kama chifu, anapokea maji ya chumvi kwa kijiko, na kila nilipomaliza kufuta alisema, "Yaya, inakuja ingine! Kimbia!" Mara nyingine ilikuwa uongo. Mara nyingine haikuwa.

Nilimshuku kila mtu. Nilisimama karibu na choo kama mtoza ushuru. Baba akarudi kunawa mara mbili chini ya macho yangu kabla ya kuondoka tena na lori. Nilijishuku mi mwenyewe: nilinawa, nikafungua mlango, nikajiuliza mlango nao, nikarudi kunawa. Ngozi ya vidole ikaanza kupasuka. Na Jumatano nilimwona Nkambo akimfuta mgonjwa jasho kwa ncha ya kitenge chake, akampapasa kichwa, akatoka nje, na kwa ncha ile ile akaanza kumfuta mtoto udenda.

"Nkambo! Hiyo ncha!"

Aligeuka. Mkono ukabaki hewani. "Unanishuku mi? Mi njo nilikufuta matako kabla haujajua hata kusema."

Nilitaka kusema hapana. Nilimtazama mtoto, macho yake yalikuwa bado mazima, meupe, yanang'aa. "Ndiyo, Nkambo," nilisema. "Leo nakushuku na wee."

Nilingoja kofi. Nkambo akafungua kile kitenge, akabaki na gauni la ndani barazani mbele ya watu wote wa barabara, akanirushia. "Kakitie mu javeli," alisema. "Muzuri. Na uniletee ingine, usisimame pale."

Alhamisi mdogo wangu aliomba bukari. Ijumaa alikuwa anapanda ukuta. Mtoto tulimtazama tangu asubuhi kwa sababu muuguzi alikuwa ametuambia siku mbili, siku tatu baada ya mwenzake, ndiyo ugonjwa unajionyesha. Hakutapika. Alikunywa, alikojoa, alimvuta mpangaji suruali, na Mama safari hii hakumkataza. Lakini tangu Alhamisi asubuhi alikuwa hajapata choo, na hilo nalo tukalishuku.

Ijumaa mchana tulimkalisha kwenye poti barazani. Akakaa. Akaimba. Akakunja uso. Mama alishika kitenge kifuani, Nkambo alikuwa anasoma dua chini kwa chini, mdogo wangu alikuwa amelala kifudifudi ili aone kwa chini. Ulikuwa ukimya wa mtihani wa serikali. Kisha kikasikika kitu kikianguka kwenye plastiki. Tok.

Mama alimwinua mtoto. Tukagonganisha vichwa.

"Ngumu," Nkambo alisema.

"Imefungana," alisema Mama. Akakaa chini, miguu imenyooka, akajifunika uso kwa mikono yote miwili, na mabega yake yakatikisika. Mi nilitazama pembeni, barabarani, ambako mpangaji alikuwa anaingia na udongo wake wote.

"Imekuwaje?" aliuliza akisimama mbali.

Nilimnyooshea poti aone. Aliinama, mikono nyuma, akaitazama kwa makini jinsi wanavyotazama mawe kabla ya kuyapeleka depo kupimwa. "Oh!" alisema. "Hii ni teneri ya juu, madini tupu. Hata Muchina wa depo hawezi kuikata bei."

Mama alikuwa ameshatoa simu. Nilimwambia, Mama, apana, usifanye hivyo. Alipiga picha. Akasogea kwenye mwanga, akapiga ya pili, akamtumia Baba, aliyekuwa amesimamisha lori Likasi.

Jibu lilichukua muda. Lilikuwa ujumbe wa sauti. Tulisikia kwanza kelele za mgahawa, sahani, mtu anaomba pilipili. Halafu Baba akashusha pumzi ndefu, iliyotoka mbali.

"Alhamdulillah," alisema. "Alhamdulillah. Lakini mungengoja kwanza nimalize kula."